Mita ya oksijeni haishuki ziro? Kagua maji ya ziro kabla hujailaumu sensa

Mita za oksijeni ya majini zinazoletwa kwangu na watu wa vizimba vya samaki huku Mwanza huwa zinakuja na sentensi moja, "fundi, sensa imekufa". Nikiiweka mezani nakuta mara nyingi sensa ni nzima kabisa, kilichokufa ni yale maji ya ziro, yaani maji yaliyoondolewa oksijeni ili mita ijue ziro ni ipi, au mtu kaingiza presha ya hewa ya Dar wakati yeye yuko ziwani, au kaisuuza vibaya alafu akakalibreti, yaani akairekebisha mita kwa kipimo kinachojulikana, juu ya uchafu. Sensa mpya ni hela ndefu na mara nyingi inaagizwa nje, kwa hiyo kabla hujachanga pita humu. Nimepanga kwa dalili, na kila dalili naanza na kile kinachotokea sana.

Kwanza jua una sensa ya aina gani maana dawa zinatofautiana. Kuna mbili za utando, zile zenye kofia yenye ngozi nyembamba mbele na kimiminika ndani. Moja ni galvaniki, inajitengenezea umeme wake yenyewe, nyingine polarografiki, hiyo inalishwa umeme na mita. Ya tatu ni ya mwanga, haina kimiminika chochote, ina kofia yenye duara la rangi linalomulikwa kwa ndani. Ukifungua kofia vikadondoka vimaji basi ni ya utando.

Maji ya ziro yenyewe ni rahisi. Chukua sodiamu salfaiti gramu 10, maji ya bomba nusu lita, koroga taratibu usipige povu, mimina kwenye chupa ambayo mdomo wake unapitisha sensa, ijae mpaka shingoni, funga, iache kama saa moja. Salfaiti inaila oksijeni na kugeuka salfeti, ndio kazi yake yote. Kwa hesabu, lita moja ya maji yenye miligramu 8 za oksijeni inamalizwa na kama miligramu 63 tu za salfaiti, kwa hiyo gramu 10 ni nyingi mno, lakini hiyo ziada ndio inayopambana na hewa mpya inayoingia kila ukifungua kifuniko. Vitabu vingine vinasema uongeze chembe ya kobalti kloridi ili kazi iende fasta. Mimi siweki, ni sumu, na kusubiri saa moja hakujawahi kuniua.

DALILI YA 1: Nimetumbukiza kwenye maji ya ziro, inagoma kushuka, inakaa 0.6 au 1 na kitu (miligramu kwa lita)

Hii ndio inaongoza.

Sababu namba moja ni maji yamechoka. Salfaiti haichagui oksijeni, ile ya hewani nayo inakula, ukiacha chupa nusu na kifuniko kimelegea kesho kutwa unakuwa umebaki na maji ya chumvi tu. Chupa ya jana usiiamini, ya wiki iliyopita mwaga. Watu wanaonea huruma poda ya gramu 10 alafu wanaenda kununua sensa.

Namba mbili, unatumbukiza kwenye kikombe wazi. Nimeona mtu anatumia kikombe cha chai, kipana, sensa imezama sentimita mbili, na anakoroga kweli kweli kama anapika uji. Kila mzunguko anaingiza hewa. Tumia chupa nyembamba, maji yajae, sensa izame mpaka kile kidude cha kupimia joto nacho kiwe ndani ya maji, ziba mdomo kwa plastiki au hata kitambaa kilicholowa, alafu zungusha polepole bila kuvunja uso wa maji.

Namba tatu, kipovu cha hewa kimenasa kwenye ncha. Sensa nyingi zina kinga ya plastiki mbele na povu linakaa humo kama limelipa kodi. Inua, igonge kidogo kwa kidole, irudishe kwa kuilaza kidogo.

Namba nne ni haraka. Ya utando mpe dakika tano mpaka kumi, haswa kama ngozi ni nene. Polarografiki inataka pia ipashwe kwanza, washa mita iache dakika 10 au 15 ndio uanze, ukiikurupusha namba zitakuwa juu alafu zinateremka zenyewe taratibu na wewe utadhani ni maji.

Namba tano sasa, hii ilinipotezea siku nzima. Jamaa wa vizimba alikuja na mita na poda yake mwenyewe, poda safi nyeupe, iko kwenye kifuko cha nailoni kimeandikwa kwa kalamu. Tumetengeneza maji mara tatu, mita imekaa 6.9 haijatikisika hata kidogo, nikabadilisha utando, nikabadilisha kimiminika, bado 6.9. Jioni ndio nikachukua sensa yangu mwenyewe ninayoijua nikaitumbukiza kwenye chupa yake, nayo ikasema 6.9. Kumbe alikuwa kauziwa salfeti badala ya salfaiti. Majina yanafanana lakini salfeti ni ile ambayo imeshamaliza kula oksijeni, haina njaa tena. Kwa hiyo ukiona namba haishuki KABISA, imebaki pale pale kama maji ya kawaida, shuku poda kwanza. Kama inashuka lakini inakwama njiani, shuku hewa inayoingia au utando. Poda ya zamani iliyokaa kwenye kopo wazi nayo inageuka salfeti yenyewe polepole, hata kama ilinunuliwa sahihi. Na kuna ya tatu inaitwa metabaisalfaiti, hiyo ina asidi na inanuka kama kiberiti kilichowashwa, usiitumie kukalibreti.

Kama huna poda ya uhakika na unataka tu kujua sensa inaweza kushuka au la, tumia hamira. Hamira ya mandazi kijiko, sukari kijiko, maji ya vuguvugu kwenye chupa ya soda, jaza mpaka juu, iache nusu saa. Hamira inapumua inamaliza oksijeni. Usiifunge kwa nguvu, inatoa gesi, chupa itakurukia. Hii ni ya kupima tu, usikalibreti nayo, na sensa ukimaliza osha vizuri maana inanata.

Namba sita, ikiwa maji ni mapya, chupa imeziba, poda ya uhakika na bado imekwama, hapo ndio njoo kwenye utando. Uangalie juani kwa kuuinamisha. Ukikunjamana, ukiwa na kitobo, au kukiwa na povu ndani kati ya ngozi na chuma, badilisha utando na kimiminika kwa pamoja. Jaza kofia mpaka ijae, gonga pembeni povu zipande, alafu ndio ufunge taratibu ili ziada ivuje nje. Tumia kimiminika cha sensa hiyo hiyo, cha galvaniki na cha polarografiki mara nyingi sio kimoja. Ukibadilisha, iache itulie kabla ya kukalibreti, mimi naiacha usiku mzima nikiweza.

Ya mwisho na ni ya nadra ni chuma chenyewe. Ukifungua ukakuta ile fedha ya pembeni imekuwa nyeusi tii, au kile kidoti cha dhahabu cha katikati kimepata rangi ya fedha, imechafuka. Maji ya matope yaliyooza yenye harufu ya yai viza ndio yanaitia ile fedha weusi huo. Kidoti kinaweza kusuguliwa kwa karatasi laini sana ya msasa iliyolowa, mizunguko michache, kama kitabu cha sensa yako kinaruhusu. Ukiona kutu, unga wa kijani kwenye pini, au kimiminika kimeingia upande wa waya, SIMAMA HAPO. Hiyo ni kazi ya fundi wa vifaa vya maabara, na mara nyingi atakwambia nunua nyingine. Galvaniki nyingi zina risasi ndani, usizivunje kwa nyundo kuona kuna nini.

DALILI YA 2: Ziro imefika vizuri, sasa nikiitoa hewani haipandi, inakaa asilimia 70 au 80

Hapa watu wanaogopa kwamba maji ya ziro yameua sensa. Hayajaiua, bado yapo kwenye ncha. Salfaiti iliyobaki kwenye ngozi au kwenye mikunjo ya kinga inaendelea kula oksijeni ya pale pale, na ikikauka inaacha unga mweupe. Suuza kwa maji safi, mimina, suuza tena, tena, vua kinga usuuze na chini yake, alafu itumbukize kwenye kikombe cha maji safi dakika tano na kumwaga. Nikisema suuza watu wanachovya mara moja kama wanachovya mkate kwenye chai, sio hivyo.

Ukishasuuza ikapanda ila kwa kujikokota, angalia uchafu. Sensa inayoishi ziwani inaota ute wa kijani, na huo ute unapumua. Ya utando ifute kwa kitambaa laini au pamba yenye maji. Ya mwanga tumia mswaki laini na sabuni ya vyombo kidogo. USITUMIE spiriti wala asetoni kwenye kofia ya mwanga, ile rangi inaharibika na hairudi. Na kofia za mwanga zina umri, nyingi ni mwaka mmoja mpaka miwili, ikipita hapo itapanda lakini kwa kuchechemea na namba zitakuwa zinahama kila wiki. Hiyo haifufuki, ni kununua kofia nyingine.

DALILI YA 3: Namba zinaruka, hazitulii nikitaka kubonyeza

Kebo na plagi kwanza. Fungua, kausha, tazama pini, rudisha. Kisha betri, ikiwa chini mita nyingine zinacheza bila kukwambia kitu. Kisha povu, tena. Kama namba zinaruka ukishika kebo na zinatulia ukiiacha, kebo imekatika kwa ndani karibu na shingo ya sensa, na hapo usijaribu kuunga kwa solotepu kwa kitu kinachozama majini, mpelekee fundi. Pia zima ile pampu ya hewa iliyo pembeni uone, nimekutana na mota iliyokuwa inaisumbua mita kutoka kwenye tanki la jirani.

DALILI YA 4: Inaonyesha namba hasi

Kuna siku ulikalibreti ziro kwenye maji ambayo hayakuwa ziro. Mita ikaamini. Sasa umeiweka kwenye maji ya ziro ya kweli inasema -0.7. Rudisha mita kwenye hali ya kiwandani, anza upya na maji mapya, kwisha.

DALILI YA 5: Kalibresheni imekubali zote, ila bwawani inadanganya

Hii ndio mbaya kuliko zote kwa sababu mita haikulalamiki, samaki ndio wanalalamika. Maji ya ziro yanarekebisha upande wa chini, upande wa juu unarekebishwa na hewa, na hewa inategemea ulipo.

Presha ya hewa inaongoza kwa mbali. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, presha yake halisi ni kama hektopaskali 885. Sasa mtu anafungua programu ya hali ya hewa kwenye simu inamwambia 1015, anaingiza 1015. Ile ya simu imesharekebishwa ionekane kama uko pwani, ndio maana Mwanza na Dar zinafanana. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa pwani yana miligramu 8.26 kwa lita, huku kwetu ni karibu 7.2 tu. Ukiidanganya mita presha, itaongeza kama asilimia 15 kwenye kila kipimo, oksijeni ya 4 itakuonyesha 4.6, na kwa sato wako hiyo ni tofauti ya kulala usingizi na kuamka kuwasha pampu. Mtu wa Nairobi ndio kabisa, yuko juu zaidi. Kama mita ina kipima presha chake ndani tumia hicho, kama inataka mwinuko ingiza mita 1,134, usitumie ya simu.

Njia ya kujihakiki ni nyepesi. Ndoo ya maji safi, pampu ya hewa ya tangi la samaki wa mapambo, iache ipulize zaidi ya nusu saa kivulini, pima joto. Kwa usawa wa ziwa, maji ya nyuzi 25 yasome karibu 7.2, ya nyuzi 28 karibu 6.8. Ikisoma 8 na kitu, presha uliyoingiza sio ya hapo.

Ya pili ni jua. Watu wanakalibreti hewani wakiwa kwenye boti saa saba mchana, sensa nyeusi imewekwa juu ya ubao, ncha ina joto moja na kipima joto kina lingine. Rudi kivulini, weka sensa kwenye kikopo chenye sponji iliyolowa chini, ncha isiguse maji wala isiwe na matone, kifuniko kilegee ili hewa ya ndani isibanwe, subiri joto litulie. Tone moja tu la maji kwenye ngozi linakuharibia.

Ya tatu ni mkondo. Sensa za utando zinakula oksijeni zenyewe zinapopima, ukiining'iniza kwenye maji yaliyotulia inamaliza iliyo karibu yake na namba inashuka. Ipandishe na kuishusha taratibu, au izungushe. Ya mwanga haina njaa hiyo ila nayo inatulia haraka maji yakitembea.

Ya nne ni kwa watu wa pwani, chumvi. Wa kambamiti na mwatiko wakiacha mita kwenye sehemu ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, itawadanganya vibaya, maji ya bahari ya nyuzi 25 yakishiba yana kama 6.7 tu sio 8.26. Ingiza kiwango cha chumvi.

Na ziro mbovu inarudi hapa pia. Tuseme ulikalibreti ziro kwenye maji yaliyokuwa bado na 0.8. Juu utaona sawa, asilimia 100 hewani, hakuna shida. Alfajiri ambapo oksijeni huwa chini kabisa, 3 halisi utaiona 2.5, unakimbia kuwasha mashine na kuchoma mafuta bure. Ikiwa kinyume, yaani hujawahi kugusa ziro na sensa ina mabaki ya 0.6, basi 2 halisi utaiona 2.4 na utarudi kulala. Mchana zote hizi hazionekani, ndio maana watu wanabishana kwamba mita iko sawa.

Ukimaliza yote na bado huamini, kuna njia ya Winkler, ya tangu 1888, ya kupima oksijeni kwa kemikali kwenye chupa bila sensa yoyote. Sio ya kufanya jikoni, ina asidi kali. Ulizia maabara ya maji au chuo kilicho karibu, chupa moja itamaliza ubishi. Kama Winkler na mita vinatofautiana na ulishapita yote ya juu, acha kubonyeza kalibreti, kila ukibonyeza unazidi kuficha tatizo. Hiyo iende kwa fundi, iende na maelezo, umebadilisha nini na lini.

TAHADHARI ZA MAJI YENYEWE

Mwenye pumu asichanganye hii poda, vumbi lake linabana kifua. Usichanganye na siki, limau wala asidi yoyote, inatoa gesi kali ya kiberiti. Ikiwa uliweka kobalti usimwage popote, itunze kwenye chombo chenye jina na isikae karibu na chakula.

Na usisuuzie chupa kwenye maji yenye samaki. Niliwahi kuwa sehemu, kijana wa kazi kamaliza kukalibreti, kamimina iliyobaki kwenye ndoo ya lita 20 aliyodhani ni ya kuoshea. Ilikuwa ya vifaranga vinavyosubiri kuhesabiwa. Ndani ya muda mfupi vyote vikawa juu midomo wazi, na mita ile ile aliyoshika mkononi ndio ikamwambia kwa nini. Gramu moja na kidogo tu ya salfaiti inatosha kumaliza oksijeni yote ya ndoo kama ile, na kwenye chupa zilikuwemo gramu 10.